Pikipiki ya cc 150, hema na vibarua njiani: mzigo, kambi na makubaliano ya kazi

Msafiri150

Wakuu, habari zenu. Nina pikipiki ya cc 150, injini ya kupozwa kwa hewa, kabureta, tangi la lita 12, magurudumu ya spoku inchi 18 mbele na nyuma, matairi ya tyubu. Napanga safari ya miezi kadhaa, nikilala kwenye hema na kushika vibarua njiani ili hela ya mafuta na chakula itoke humo humo: kuvuna, kuwa saidia fundi kwenye ujenzi, kupakia mizigo, kazi yoyote ya mikono. Sehemu ya safari ni ndani ya nchi, sehemu inavuka mipaka. Uzito wangu ni kilo 70.

Nisaidieni kwa haya. Mzigo uwe kilo ngapi na ukae wapi? Hema gani linafaa, na nikienda kazini mchana nalifanyaje? Kibarua kinatafutwaje kwa mtu asiyejulikana, na nikubaliane nini kabla ya kuanza? Na je, mtu anaweza kufanya kazi asubuhi akaendesha jioni, au najidanganya?

Spana14

Anza na hesabu kabla hujanunua begi lolote. Kitabu cha pikipiki kinataja uzito wa juu unaoruhusiwa kubebwa, na humo dereva naye amehesabiwa. Kwa nyingi za ukubwa wako huwa unacheza karibu na kilo 150, ila fuata kilichoandikwa kwenye yako. Mwili kilo 70, helmeti, buti na koti kilo 8. Zinabaki 72. Usizijaze. Kiwango kile kimekadiriwa kwa abiria aliyekaa kitini, mbele ya ekseli ya nyuma, wakati mzigo wa safari mara nyingi unaishia kuning'inia nyuma ya ekseli. Huko nyuma kilo chache tu zinanyanyua pua ya pikipiki, usukani unakuwa mwepesi, na ukiingia kwenye mchanga au tope gurudumu la mbele halishiki njia.

Lenga kilo 30 hadi 35, maji yakiwemo. Mfano wa mgawanyo: hema 2.5, godoro la sponji na mfuko wa kulalia 2, jiko na sufuria 1.5, spana na tyubu 5, nguo 5, buti na glavu za kazi 3, maji lita 6 yaani kilo 6, chakula 4, petroli ya akiba lita 3 ambayo ni kama kilo 2.2. Jumla 31.2.

Vizito vyote (maji, spana, tyubu, chakula kikavu) viingie kwenye mabegi ya pembeni, chini kabisa, yakiwa yamesogezwa mbele uwezavyo. Hema na godoro vilale juu ya kiti cha abiria. Keria ya nyuma ina kikomo chake, kwa pikipiki nyingi kilo 5 hadi 10 tu, kwa hiyo iachie nguo. Mabegi laini ya pembeni yanahitaji fremu ya chuma ya kuyazuia. Bila hiyo upande mmoja unaingia kwenye spoku na mwingine unaungua kwenye ekzosi.

Ukishapakia, ongeza ugumu wa springi za shokomzoba kwa kuzungusha pete ya chini hatua moja au mbili, pande zote sawa. Upepo wa nyuma pandisha hadi kiwango ambacho kitabu kinatoa kwa watu wawili. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, na usivuke namba ya juu iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Taa ya mbele ishushe, maana mkia ukizama taa inamulika macho ya wanaokuja.

Mnyororo: wengi wanaukaza pikipiki ikiwa tupu, kisha wanapakia na kushangaa beringi ya sproketi ya mbele inalia. Mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapopanda kuelekea usawa, mnyororo unajikaza. Pakia, kaa juu, mwenzako apime ulegevu katikati ya sehemu ya chini kwenye eneo lililokaza zaidi. Pikipiki nyingi ndogo hutaka milimita 20 hadi 30 ikiwa kwenye stendi. Ukiwa juu yake na mzigo lazima bado ubaki ulegevu unaoonekana. Kilainishi kila kilomita 500, au kila siku ukipita kwenye mvua. Klipu ya kiungo cha kuungia, upande uliofungwa uelekee mnyororo unakokwenda. Ukiuweka kinyume, jiwe moja likiigonga inachomoka.

Bolti za keria ndizo zinazofunguka kwanza. Zipake gundi ya nyuzi za bolti, zikague baada ya kilomita 200 za mwanzo, kisha kila 500. Kwenye maungio ya welding tafuta mstari mwembamba wa rangi iliyopasuka au kutu inayochuruzika. Ukiuona, punguza mzigo wa nyuma siku hiyo hiyo na utafute wa kuchomelea.

Akiba ya kubeba: kebo ya klachi (ipitishe sasa hivi sambamba na ile inayotumika, uifunge kwa utepe, ikikatika unabadilisha ncha mbili tu), plagi, fyuzi, viungo viwili vya mnyororo vya saizi yako, spoku nne, waya wa kufungia mita 2, gundi ya epoksi. Na kitu kidogo ambacho watu hawakifanyi: legeza kidogo vibano vya mkono wa klachi na wa breki kwenye usukani. Viwe vimeshika, lakini vikipigwa vizunguke. Pikipiki ikianguka kambini mkono unageuka, hauvunjiki.

TurubaiKavu

Kwenye mzigo sina la kuongeza, isipokuwa mipira ya kufungia. Mpira unatamanisha kwa sababu unajikaza wenyewe, lakini kwenye barabara ya mashimo unavutika na mzigo unahama. Tumia mikanda yenye bizimu (kibano cha kukazia), miwili ivuke juu na mmoja uvute mzigo mbele. Mikia yote ya mikanda ifungwe fundo. Mkia mmoja ukiingia kwenye sproketi, gurudumu la nyuma linagoma ukiwa kwenye mwendo.

Sasa kambi. Mtu wa vibarua ana kambi za aina mbili, na ushauri wa moja unaiharibu nyingine. Kambi ya usiku mmoja, pale inaporuhusiwa kulala nje, inafaa isionekane barabarani: unafika nusu saa kabla giza halijaingia, unapika kidogo, unaondoka mapema. Kambi ya kazi ni kinyume chake. Hiyo lazima ionekane, tena na watu wanaojua nani amekuruhusu kukaa hapo. Ukiificha kambi ya siku sita, siku ya pili mtu ataikuta wewe haupo.

Hema chukua la watu wawili ingawa uko peke yako, kwa sababu helmeti, koti, buti na begi la nyaraka vyote vinalala ndani. Liwe linalosimama lenyewe bila vigingi: uwanja wa ghala, sakafu ya jengo ambalo halijaisha au ardhi ya shamba iliyokauka havipokei kigingi. Nguzo zikikunjwa zisizidi sentimita 45, la sivyo haziingii kwenye begi la pembeni na utazifunga nje, mahali pa kwanza kugonga ukianguka. Turubai la kutandika chini liwe dogo kuliko sakafu ya hema. Likichomoza hata sentimita 5 linakinga maji ya mvua na kuyaleta chini ya mgongo wako.

Mahali: usilale kwenye mkondo mkavu hata kama anga ni safi, maana mvua inaweza kunyesha mbali juu huko na maji yakakufikia usiku. Tazama juu, usikae chini ya tawi kavu. Tazama chini, njia ya mchwa au siafu inaonekana ukiinama. Mteremko kidogo unafaa, kichwa kiwe juu. Mlango uupe upepo mgongo.

Pikipiki iegeshe kwenye udongo mtupu, kamwe si juu ya majani makavu, kwa sababu ekzosi iliyotoka barabarani inawasha moto. Chini ya stendi ya pembeni weka kipande cha bati nene au ubao wa sentimita 10 kwa 10. Udongo ukilowa usiku stendi inazama na pikipiki inalala. Iweke angalau mita 2 kutoka hemani, pua ikielekea njia ya kutokea. Usifunge kamba ya hema kwenye pikipiki. Funga koki ya petroli, kabureta zenye boya lililochoka huvujisha usiku kucha.

Jiko halikai ndani ya hema hata mvua ikinyesha. Kitambaa kinayeyuka haraka, lakini kinachoua zaidi ni hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu. Jiko la spiriti usiliongeze likiwa bado moto. Mwali wake hauonekani juani, unaweza kumwagia kitu unachodhani kimezima. Petroli ya akiba ikae kwenye galoni lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lisijazwe hadi mdomoni, na lilale upande ambao upepo unaelekea, mbali na jiko. Chupa ya maji ya kunywa si chombo cha petroli: kifuniko chake hakihimili mvuke, na usiku wa giza utakuja kuinywa.

Maji ya mto au kisima kisichojulikana yachemke kwa nguvu dakika 1, ukiwa juu ya mita 2,000 dakika 3. Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji.

Ukienda kazini mchana: siku mbili za kwanza kunja kila kitu kila asubuhi, ukabidhi kwa aliyekupa ruhusa au uende nacho. Ukishaona mazingira ndipo uache hema limesimama, likiwa tupu. Na lisisimame juani wiki nzima. Miale ya jua inakula nailoni. Likikaa hivyo muda mrefu kitambaa cha juu kinachanika kirahisi. Livue kitambaa cha juu asubuhi, au litafutie kivuli. Hema lililolowa lisikae limekunjwa zaidi ya siku moja, litapata koga na ule utando wa ndani wa kuzuia maji utaanza kunata na kubanduka.

NdooKwaNdoo

Mimi nitajibu la vibarua, hapo ndipo watu wanapoteza zaidi kuliko kwenye pancha.

Usiende kuomba kazi ukiwa na mzigo wote kwenye pikipiki. Nyapara akikuona hivyo anajua kesho haupo. Piga kambi kwanza, uende mtupu. Saa nzuri ni kumi na moja jioni, watu wanapohesabiwa na msimamizi anajua kesho ana pengo la wangapi. Ukikosa, rudi saa kumi na mbili asubuhi pale wanapokusanyika. Wanaojua wapi kuna kazi ni wa vituo vya kukusanyia mazao, mashine za kukoboa, maduka ya vifaa vya ujenzi na mafundi wa pancha. Sema unachoweza na muda ulio nao: "Nipo siku sita kuanzia kesho, nabeba zege na kokoto" inasikilizwa kuliko "natafuta kazi yoyote". Kazi yoyote maana yake ni malipo yoyote.

Kabla hujashika jembe, haya yatajwe kwa mdomo na mtu wa tatu akisikia: unalipwa kwa siku au kwa kipande, kipande ni nini hasa, unalipwa lini, nani anatoa vifaa, chakula kikitolewa kinakatwa au la, na mvua ikikatiza kazi saa nne asubuhi inahesabiwaje. Hilo la mwisho linasahaulika na ndilo linalozua ugomvi.

Malipo ya kipande yana hesabu yake. Ndoo ni ya lita ngapi, inajazwa hadi ukingoni au ifanye kichuguu, yaliyooza nani anayabeba? Kama wanapima kwa mzani, pima ndoo tupu mbele yao. Ikikatwa kilo 2 wakati ndoo tupu ina kilo 1, kwenye ndoo 30 umepoteza kilo 30. Usikadirie siku nzima kwa kasi ya saa ya kwanza. Ukijaza ndoo 6 saa ya kwanza, kufikia ya tano utakuwa kwenye 4; siku ya saa nane itatoa kama 36, haitafika 48. Toa na mafuta: kambi ikiwa kilomita 12 kutoka shambani na pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa lita, kila siku umeunguza lita 0.6. Mara nyingi kambi ya karibu yenye malipo madogo kidogo inashinda.

Daftari dogo mfukoni: tarehe, idadi, saini ya msimamizi kila jioni, na picha ya ukurasa. Siku mbili za kwanza dai ulipwe kila siku. Akilipa vizuri, mkubaliane siku tatu tatu. Wiki nzima bila kuona hela ni mtego kwa mtu anayepita, kwa kuwa wanajua utachoka kusubiri utaondoka. Na usiache kitambulisho, leseni wala pasipoti kama dhamana ya koleo.

Msafiri150

Asanteni sana wakuu. @NdooKwaNdoo, hilo la mvua sikuwa nimelifikiria kabisa. Maswali mawili bado. Hilo la kufanya kazi asubuhi na kuendesha jioni hamjaligusa. Na nikiwa kazini siku sita bila kuigusa pikipiki, niiwashe kila asubuhi dakika tano ili betri isife? Pia nimefikiria kubeba abiria njiani nikiwa na nafasi, mnaonaje?

Klachi_Laini

Ndugu, la abiria liondoe kwenye mpango. Kwanza nafasi huna, kiti kimejaa hema. Pili, bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haifuniki kubeba mtu kwa malipo. Mkianguka, gharama zake na zako ni zako. Ukivuka mpaka inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu pikipiki imeingia kwa kibali cha muda na masharti ya kibali hicho mara nyingi yanakataza kuitumia kibiashara. Wanaweza kuizuia pikipiki yenyewe.

Na wewe mwenyewe pia. Viza ya utalii katika nchi nyingi hairuhusu kazi, na kazi ya kubadilishana na chakula na mahali pa kulala nayo huhesabiwa kuwa kazi, hata kama hakuna noti iliyotoka mfukoni mwa mtu. Ukikamatwa unaweza kurudishwa na kuzuiwa kuingia tena. Kuna hasara nyingine isiyosemwa: asiye na kibali hana pa kushtaki akidhulumiwa ujira, na mwenye kazi anajua hilo. Zipo nchi zinazotoa viza ya likizo na kazi kwa vijana wa mataifa waliyokubaliana nayo, na yapo makubaliano ya kikanda yanayolegeza masharti kwa raia wa nchi wanachama. Uliza ubalozi kabla ya kuondoka, kwa maandishi. Mpango rahisi ni kufanya vibarua vyote ndani ya nchi yako, kisha uvuke mpaka na akiba bila kushika kazi huko.

Kuhusu asubuhi kazi, jioni barabara: hapana, isipokuwa kazi nyepesi na mwendo chini ya saa moja. Sababu ni viganja. Kubeba ndoo, koleo au matofali kunachosha misuli ile ile inayobana klachi na breki. Mkono uliochoka unachelewa kuvuta breki, na mtetemo wa usukani juu yake unaleta ganzi ya vidole. Ongeza upungufu wa maji mwilini, halafu jua linalozama mbele ya macho. Afadhali siku nne au sita za kazi tupu, siku moja ya kufua, kukausha hema na kukagua pikipiki, ndipo siku za barabara.

Maji yenyewe yanaamua kambi iwe wapi. Kazi nzito juani inataka kikombe cha mililita 250 kila dakika 15 hadi 20, yaani lita 0.75 hadi 1 kwa saa. Lita 6 za kwenye mzigo hazitoshi siku nzima. Kambi ya kazi isiyo na maji karibu haifai, hata kama kivuli chake ni kizuri.

Spana14

La betri: usiiwashe dakika tano. Kuwasha kunachukua umeme mwingi, na injini ikiwa kwenye silensa (inanguruma bila kutembea) alternata ndogo hairudishi ulichotoa. Mvuke wa maji nao unabaki kwenye oili na ekzosi kwa sababu injini haijapata joto la kutosha. Kwa siku sita betri isiyo na kasoro haifi. Kama ina hitilafu ya kuvuja umeme, chomoa waya wa hasi, spana ya 10 inatosha. Ukitaka kuiendesha, iendeshe dakika 20 barabarani.

Kwenye eneo la ujenzi ifunike. Vumbi la saruji linaingia kwenye filta ya hewa, na likichanganyika na kilainishi cha mnyororo linasaga kama msasa. Futa mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha upake upya kabla ya kuondoka. Filta ya sponji ioshe, ikauke kabisa, ipakwe oili kidogo, ikamuliwe. Ghalani panya huingia kwenye boksi la filta na kutafuna nyaya. Fungua kiti uangalie kabla ya kugusa swichi.

Simu chaji pikipiki ikiwa inatembea, au ujaze pawabenki mchana. Ya mAh 10,000 haitoi 10,000 kwa simu. Karibu theluthi inapotea njiani, kwa hiyo hesabu mara moja na nusu kwa simu ya kawaida.

Mkeka_wa_Sponji

Naongeza la afya ya kazini, maana aliyeumia mkono hana safari.

Saruji mbichi inaunguza. Haiumi papo hapo, unaweza kupiga magoti kwenye zege saa nzima ndipo jioni ukakuta ngozi imetoka. Glavu za mpira, zile za kitambaa zinanyonya maji ya saruji na kuyashikiza kwenye ngozi. Ikikuingia kwenye buti, vua hapo hapo, osha kwa maji mengi safi. Usivae glavu na buti za pikipiki kazini. Saruji inakausha ngozi ya glavu mpaka inapasuka, na buti zilizolowa hazikauki kufikia kesho.

Shambani uliza lilipuliziwa dawa lini na kibandiko kinasema watu warudi baada ya muda gani. Wasipojua kujibu, ondoka. Usipige kambi kati ya mistari ya miti inayopuliziwa, hata wakikuambia hapo ni salama. Nguo za kuvunia zikae kwenye mfuko wake, zifuliwe peke yake, zisilale ndani ya hema. Osha mikono kabla ya kula, na kabla ya kwenda haja pia.

Kwa dada wanaosoma uzi huu: kambi ya kazi iombeni karibu na zinakolala familia za wafanyakazi, msikubali chumba cha stoo kinachofungwa kwa nje. Ufunguo wa pikipiki ulale mfukoni, si kwenye helmeti.

Msafiri150

Shukrani, dada. La mwisho kabisa: tyubu. Mbele ni 2.75-18, nyuma ni 3.00-18. Nibebe mbili tofauti? Na kuziba pancha kambini bila fundi, wapi watu hukosea?

Spana14

Una bahati ya rimu. Tafuta tyubu zilizochapwa 2.75/3.00-18, moja inaingia mbele na nyuma. Beba mbili, zikiwa zimepakwa poda na kufungwa kwenye kitambaa. Zikisuguana na spana ndani ya begi zinatoboka kabla hujazitumia.

Kosa la kwanza ni kuziba tundu na kuacha kilichotoboa. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitanasa kwenye mwiba ambao kidole hakiuoni, na hutajichoma. Angalia pia ncha za spoku chini ya utepe wa rimu. Tundu likiwa upande wa ndani wa tyubu, tatizo ni spoku au utepe.

La pili ni gundi. Kwangua eneo kubwa kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka isinate kwenye kidole, ndipo ubandike na kukandamiza kutoka katikati kwenda nje. Kiraka kilichowekwa juu ya gundi mbichi kinateleza na kuachia tairi likipata joto. Bomba la gundi likishafunguliwa hukauka lenyewe ndani ya miezi, beba mawili madogo ambayo hayajatobolewa.

La tatu ni kubana tyubu mpya wakati wa kurudisha tairi. Itie upepo kidogo tu ipate umbo. Anza kurudisha tairi upande ulio mbali na valvu, umalizie kwenye valvu. Upande uliokwisha kuingia ukanyage kwa magoti ushuke kwenye bonde la katikati ya rimu. Ukifanya hivyo vyuma vya kutolea tairi havihitaji nguvu. Vinapohitaji nguvu, jua tairi limepanda bonde, simama ulishushe tena. Maji ya sabuni ukingoni yanasaidia.

Nati ya chini ya valvu usiikaze kwenye rimu. Iache juu, karibu na kifuniko. Tairi likihama kidogo kwenye rimu kwa sababu ya upepo mdogo na mzigo, valvu itainama na utaiona kabla haijang'oka. Ukishajaza, zungusha gurudumu utazame mstari mwembamba ulioinuka ubavuni mwa tairi karibu na rimu: uwe na umbali ule ule pande zote. Ukizama mahali, toa upepo, paka sabuni hapo, jaza tena.